Chuma Kitajuaje Kufunga

Miezi ile miwili sikuweza kukaa kwenye kiti. Mke wangu akisema kaa unywe chai, nilikunywa nimesimama mlangoni, kikombe mkono mmoja, mkono mwingine nimeshika nguzo ya baraza kama mtu anayengoja basi la Kiomboi. Bucha nilifungua kabla ya watu kuamka na nikaifunga kabla nyama haijaisha. Wateja wangu wa Utemini wananijua, mizani yangu haina maneno, lakini wakati ule nilikuwa napima kilo moja mara tatu na bado sikumbuki nimepima nini.

Yote hayo kwa ajili ya mlango mmoja mdogo ndani ya moyo wa mke wangu.

Niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani, asije mtu akadhani haya nimeyatoa vitabuni. Nilisoma mpaka darasa la nne, kijijini upande wa Ikungi, nikatolewa kwenda kuchunga. Kutoka kuchunga nikaingia machinjioni kuosha utumbo. Kutoka kwenye utumbo nikapewa kisu, na kwa kisu hicho nimejenga bucha, nyumba ya vyumba sita, na watoto wanne wamesoma mpaka wananisahihisha nikiongea. Hakuna aliyenishika mkono. Na mioyo iliyopita kwenye viganja hivi sidhani kuna daktari aliyeifikia. Nilimwambia hivyo daktari mwenyewe, usoni.

Daktari alikuwa binti wa rika la mtoto wangu wa mwisho. Aliniamkia vizuri, akavuta viti viwili. Mke wangu akakaa. Mimi nikasimama.

Mke wangu ni Mnyiramba, nilimtoa kwao Kiomboi akiwa msichana mwenye mikono migumu kuliko yangu. Alizeti ekari mbili alikuwa anapalilia peke yake na kurudi kupika. Mwaka ule akaanza kupumzika katikati ya mstari, ameegemea jembe. Kisha akawa halali bila mito mitatu mgongoni. Kisha miguu ikavimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mimi nikasema ni baridi. Nikasema ni uzee. Nikasema ni viatu. Aliyemchelewesha ni mimi, na ninaliandika kwa kuwa ni kweli.

Yule binti alituonyesha moyo wake kwenye kioo, unacheza, mweusi na mweupe. Akaanza kueleza polepole kama anavyowaeleza watu wasiojua kitu. Nikamkatiza. Nikamwambia vyumba ni vinne, viwili juu kuta zake nyembamba, viwili chini ndivyo vyenye nyama, na ukuta wa chini kushoto ni mnene karibu mara tatu ya wa kulia. Akaniangalia. Akaniuliza kama najua kwa nini ni mnene. Miaka yote hiyo nimeukata ule ukuta, nimewauzia wenye meno mazuri, na sijawahi kuuliza.

Akasema upande wa kulia unapokea damu iliyochoka, iliyozunguka mwilini, na kazi yake ni kuisukuma mpaka mapafuni tu, hapo jirani, ikavute hewa. Ikishavuta hewa inarudi nyekundu upande wa kushoto. Sasa huo wa kushoto ndio wenye kazi, maana unairusha mwili mzima, toka utosini mpaka ukucha wa mguu, kila pigo, mchana na usiku, bila siku ya mapumziko. Ndiyo maana umejenga misuli. Nikaona ni haki. Hata mimi mkono wa kisu ni mnene kuliko mwingine.

Kati ya chumba cha juu na cha chini kuna mlango wa utando, umefungwa kwa kamba nyeupe ngumu, zile ambazo mtu akizikuta kwenye supu anazitema. Moyo ukijikamua, mlango unafunga ili damu isirudi ilikotoka, iende mbele. Wa mke wangu, ule wa kushoto, ulikuwa haufungi. Daktari akamuuliza kama utotoni aliwahi kuumwa koo halafu viungo vikavimba. Mke wangu akafikiri, akasema upo msimu mmoja mama yake alimbeba mgongoni ilhali alikuwa msichana mkubwa, kwa sababu magoti yalikataa. Basi ni huo, daktari akasema. Magoti yalipona, kovu likabaki mlangoni. Likakomaa taratibu miaka yote hiyo, mpaka utando ukawa mgumu na ncha zake hazikutani. Kila moyo ukijikamua, damu nyingine inarudi nyuma mpaka mapafuni, na mapafu yanalowa. Ndicho kikohozi. Ndiyo mito mitatu.

Vidonge vingepunguza maji, mlango visingeuziba. Dawa yake ilikuwa kuutoa na kuweka wa chuma, hospitali kubwa ya Dodoma, na tarehe tukapewa. Daktari hakuzunguka. Alisema moyo unatanuka kwa kazi hiyo ya bure, na ukishatanuka kupita kiasi hata huo mlango mpya hautasaidia. Akisubiri mwaka mwingine, asije tena.

Tukarudi nyumbani. Mke wangu akavua viatu, akakaa kwenye mkeka, akavuta pumzi mpaka ikamtosha, akaniuliza, "Chuma kitajuaje wakati wa kufunga?"

Nikamwambia madaktari wanajua.

"Sijauliza madaktari. Nimeuliza chuma. Huu wangu nimezaliwa nao, unajua nikilala na unajua nikipanda mlima. Chuma hakina uhai, mzee. Siku moja kitasahau."

Akasema haendi.

Watoto wakapiga simu, mmoja baada ya mwingine, wakaongea mambo ya kitaalamu. Akawasikiliza wote, akawaulizia wajukuu, akakata. Kaka yake wa Kiomboi akasema mwacheni mtoto wa watu. Tarehe inakuja. Mimi nikawa nazunguka nyumba kwa nje, mara kuku, mara banda, mara nakagua bati ambalo halina shida. Swali lake lilikuwa limenikwama. Kama ningekuwa na jibu ningempa, lakini sikuwa nalo, na mimi si mtu wa kukaa bila jibu kuhusu moyo.

Nikasema nitamwonyesha. Mtu wa Iramba haamini mpaka ashike.

Nikatoka machinjioni na moyo wa ng'ombe, mzuri, mzito. Nikaweka beseni barazani, nikaleta jagi. Nikamweleza kama nilivyoelezwa: naondoa dari la chumba cha juu uone mlango, namimina maji chumba cha chini, nakamua, mlango unafunga na maji yanatokea kwenye bomba kuu. Nikamimina. Nikakamua. Maji yakatoka ubavuni, yote, yakanilowesha suruali na viatu.

Mke wangu akaniangalia, akaangalia beseni. Akauliza huyu ng'ombe alifikaje mnadani. Nikasema kwa miguu yake. Akauliza ni mwendo gani. Nikasema siku mbili.

"Siku mbili kwa miguu, na moyo wake unavuja hivyo," akasema. "Basi na mimi nitatembea."

Akaingia ndani anacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile nikakisikia mpaka nilipofika barabarani.

Siku ya nne niko machinjioni nimesimama na ndoana yangu, mkaguzi wa nyama anafanya kazi yake. Kila moyo unaomfikia anaupitishia kisu ubavuni, chwa, anaufungua kama daftari, anatafuta vifuko vya minyoo ya tegu, anaupiga muhuri, anachukua mwingine. Anafanya hivyo leo, alifanya hivyo aliyemtangulia, walifanya hivyo nikiwa bado naosha utumbo. Kila moyo niliouza maisha yangu yote una mkato ule. Jicho langu limeuzoea mpaka nikaona ndivyo Mungu alivyouumba.

Nikamshika mkono. Nikamwambia huo usiukate, ni wa kumwonyesha mgonjwa wangu nyumbani.

"Mzee wangu, shikamoo yako naitoa kila siku," akasema, "lakini moyo usiokatwa hautoki hapa. Nikikuachia wewe, kesho kila mchinjaji ana mgonjwa nyumbani."

Alikuwa sahihi, na kilichoniuma ni kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuwafokea watu kwa kosa hilohilo. Nikamwachia mkono. Nyumbani nilikuwa na beberu wangu mwenyewe bandani.

Nilimchinja Ijumaa asubuhi. Nimechinja tangu ndevu hazijaota, lakini siku ile nilifungua kifua kile kama mtu anayetoa yai chini ya kuku mkali. Kisu hakikugusa moyo. Bomba kuu nililiacha refu. Nikauosha, nikatoa damu iliyoganda kwa kidole, nikamwita mke wangu.

Alikuwa anapepeta mbegu. Akasema yeye ameshaona.

"Uliona moyo uliokatwa," nikamwambia. "Mkaguzi anaikata yote. Nilikosea."

Ungo ukasimama. Akasema, "Rudia."

"Nilikosea. Usitake mara ya tatu."

Akaja. Safari hii sikukamua mimi. Nilifungua chumba cha juu tu, nikamimina maji mpaka chumba cha chini kikajaa, nikamwekea moyo kwenye viganja vyake, nikamwambia aangalie mlango na abane. Akabana. Zile tando mbili zikainuka kama shuka likiingia upepo, zikakutana, zikafunga, na maji yakaruka kwenye bomba yakanipata kifuani. Akaachia. Zikalegea, zikafunguka. Nikamimina tena. Akabana tena. Alirudia sijui mara ngapi, kanzu yangu ya kwendea msikitini ilikuwa imelowa yote nami naendelea kumimina.

Halafu akasimamisha mikono, maji yanachuruzika kwenye viwiko.

"Huyu mbuzi amekufa," akasema.

"Amekufa."

"Na mlango wake unafunga."

"Unafunga."

"Nani anauambia?"

Hapo ndipo nami nilipolipata lile jibu, nikiwa nalitamka. Nikamwambia ni maji yenyewe. Ukibana, maji yanausukuma, unafunga. Ukiachia, unafunguka. Anayefanya kazi ni ile nyama pembeni. Mlango unasukumwa tu.

Akaugeuza ule moyo viganjani.

"Kwa hiyo mlango haujui kitu," akasema.

"Haujui kitu."

"Miaka yote nauheshimu."

Akanirudishia moyo wangu, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema nisiutupe, niutie kwenye mchuzi. Jioni nikamwona anatoa begi juu ya kabati.

Kuna jambo moja hakuniuliza, na mimi sikulileta. Ili waweke ule mlango, moyo wenyewe lazima usimamishwe. Mashine inachukua damu yake, inaipa hewa, inaizungusha mwilini, wakati moyo umetulia wanaushona. Daktari alituambia wote wawili. Yeye alikuwa na swali la chuma, likajibiwa, akamaliza. Lakini mimi kazini kwangu moyo uliosimama unakwenda kwenye beseni, na sijaona hata mmoja uliorudi. Hilo nililibeba mwenyewe mpaka Dodoma.

Siku yenyewe, kwenye ule ukumbi, binti yangu alikaa kwenye benchi na mimi nikatembea. Toka dirishani mpaka mlangoni, toka mlangoni mpaka dirishani. Mlinzi akaniomba nikae, nikamwambia angekaa yeye kwa niaba yangu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wa kushoto, hapo mshipa unapopiga, na sikuuachia. Nilikuwa najua kwamba nyuma ya ukuta ule, saa hiyohiyo, wake haupigi. Nikasema angalau moyo wa mmoja wetu upige. Binti yangu akaniuliza baba mkono unauma? Nikasema ndiyo.

Muuguzi aliyetoka alikuwa na barakoa imeshuka kidevuni. Akasema walipoipasha damu joto na kuirudisha, moyo ulianza. Nikamuuliza nani aliuwasha. Akasema mara nyingi unaanza wenyewe. Nikageuka dirishani, sitaki mtu anione uso.

Sasa yuko nyumbani. Miguu imenywea, mto umebaki mmoja. Anameza kidonge kila siku cha kuifanya damu isigande kwenye kile chuma, na wanampima damu mara kwa mara, na kwa sababu akijikata haikauki upesi, visu vyote vikali vya jikoni nimevihamishia bucha. Analalamika kwamba anakata vitunguu kwa kisu cha kupaka siagi, nyumbani kwa mchinjaji.

Na kile chuma kina sauti. Daktari alisema wengine wanaisikia, wengine hawaisikii. Mimi naisikia. Nyumba ikitulia, baada ya chakula cha mchana, wajukuu wamelala, nikiwa hatua mbili kutoka kwake naisikia: tik, tik, tik, kama saa ndogo ndani ya kabati. Watu wanasema nitaizoea. Ule mkato wa mkaguzi niliuzoea, na kuuzoea kulitaka kuniletea msiba. Hii siizoei. Nikirudi kutoka bucha nasimama kwanza kizingitini, sisalimii, sipumui, nageuza sikio la upande mzuri.

Yeye hainui hata kichwa kwenye ungo wake.

"Kinafunga, mzee," anasema. "Kaa unywe chai."

Chai naipokea. Ile tik naisikiliza tena kidogo, nimesimama.