Ufa wa Dashibodi ya Baba

Ufa ulianzia katikati ya dashibodi, juu kidogo ya redio, ukapindapinda hadi mbele ya kiti cha abiria. Urefu wake ni kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na kwa umri nimeuzidi miaka minne tu. Gari lenyewe ni la Kifaransa, rangi ya maziwa. Baba, bwana shamba mstaafu, amelitunza Butiama miaka yote hiyo kana kwamba kuna siku serikali itakuja kulidai.

Kwa baba, ufa ule una mwenyewe, na mwenyewe ni mama. Siku hiyo walikuwa wanatoka Mugango kwa dada yake mama, na mama akapewa sufuria ya samaki, furu wa mchuzi, ikiwa imetoka motoni. Mapajani alikuwa amenipakata mimi, kwa hiyo sufuria akaiweka juu ya dashibodi. Kabla hawajafika nyumbani, kwa maelezo ya baba, plastiki ililia "ta!" Kwa maelezo ya mama, kilicholia kilikuwa mfuniko.

Nimekulia ndani ya kesi hiyo. Baba aliniita shahidi wake, mama naye akaniita shahidi wake. Sikumbuki chochote isipokuwa harufu ya mchuzi, na hata hiyo nashuku niliipata kwenye mabishano. Nina digrii mbili na sijawahi kufanya mtihani mgumu kuliko ule: "Wewe ulikuwepo. Kililia nini?"

Mwaka huu walitimiza miaka hamsini ya ndoa. Paroko akatangaza kwamba watabarikiwa Jumapili, misa ya pili, na sisi watoto tukakubaliana wapelekwe kwa gari lile lile. Mama akasema kanisani atakwenda kwa miguu.

"Mama, una miaka sabini na tatu."

"Na miguu ninayo. Siwezi kwenda kwenye jubilei yangu nimekaa mbele ya kitu kinachonisingizia. Watu watachungulia dirishani waseme, ndiye huyu aliyepasua."

"Nani anajua habari hizo?"

"Baba yako amewaambia mpaka wanakwaya."

Hilo lilikuwa kweli. Nikasema ufa nitauziba mimi.

Naishi Musoma, nafundisha chuo, na naamini kwamba jambo lolote likielezwa vizuri linafanyika. Nilitazama video tatu, nikanunua gundi na dawa nyeusi ya kuzibia plastiki, nikalileta gari Musoma, nikafanya kazi uani kwangu Jumatano asubuhi. Ilipofika saa sita, jua likiwa limekolea, ile dawa ikaanza kuumuka. Saa nane ilikuwa imeinuka kama andazi, tena andazi lililoungua. Mke wangu akatoka jikoni, akachungulia ndani ya gari kwa muda mrefu.

"Ulisema unautibu," akasema. "Mbona umeupa mimba?"

Kesho yake nikaamua kwenda kwa fundi makochi mmoja wa Kabasa, pale Bunda, ambaye hushona pia viti vya magari. Nia ilikuwa kung'oa ule mto mweusi wa plastiki na sponji unaofunika dashibodi, tuuvalishe ngozi mpya ya bandia. Nikampitia mama Butiama, kwa sababu rangi alitaka kuchagua mwenyewe. Baba akatusindikiza hadi barabarani.

"Mwambie huyo fundi asiguse kitu kingine," akasema. "Gari hili halijawahi kushikwa na mtu zaidi yangu. Hata redio nilifunga mwenyewe."

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, penseli sikioni, amezungukwa na makochi yaliyolala miguu juu. Akaliangalia andazi langu.

"Hii alifanya nani?"

"Kuna mtu mmoja, yuko Musoma," nikasema.

"Mwambieni aachege."

"Ndiye huyu," mama akasema.

Fundi akafungua skrubu kwa bisibisi, akauvuta mto, akaugeuza chini juu na kuulaza kwenye kochi lililokuwa halijashonwa. Sponji ya ndani ilikuwa imekauka, inamwagika kama keki ya juzi. Pale usawa wa redio palikuwa na msumari wa bati, ule wenye kofia, umepigiliwa kutoka chini kwenda juu na kufungwa waya wa kuzuia redio isining'inie. Ncha yake ilikuwa imefika kwenye plastiki. Kutoka kwenye ncha hiyo, ufa ulikuwa umeondoka na kwenda zake upande wa abiria.

"Huyu ndiye kapasua," fundi akasema, akiugonga msumari kwa kucha. "Jua likamalizia."

Mama akavaa miwani. "Na sufuria ya moto?"

"Moto ungeyeyusha, mama. Plastiki ingejikunja. Hapa haijajikunja popote."

"Rudia."

Akarudia.

"Rudia polepole, huyu ni mwalimu, anaelewaga kwa shida."

Fundi akarudia polepole, akinitazama mimi. Kisha mama akakaa kwenye kochi jipya, likiwa bado na nailoni yake, akasema neno la Kizanaki ambalo sitaliandika, akacheka mpaka fundi akaomba samahani bila kujua kosa lake. Fundi alipochukua kisu ili aanze kuchuna ngozi ya zamani, mama akaruka.

"Usiguse! Rudisha kama ulivyokuta. Na msumari wake."

"Mama, jubilei ni Jumapili hii," nikasema. "Tumekuja kutengeneza."

"Kimeharibika nini?"

Fundi akaelekeza kisu kwenye kazi yangu. "Na hii?"

"Hiyo toa. Hiyo haina kesi."

Jumapili asubuhi mama alikuwa wa kwanza garini, kitenge kipya, kiti cha mbele, mlango wazi na mguu mmoja ukiwa nje. Mimi nilikuwa kwenye usukani. Baba akatoka ndani na suti yake, akauona ufa uko vilevile, akanigeukia kama mtu aliyedhulumiwa.

"Bunda mlikwenda kula?"

"Baba watoto," mama akasema, "njoo uingize mkono hapa chini ya redio."

Baba akainama mbele yake kwa shida, suti ikamkaba, akapapasa. Mkono ukasimama. Akakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba nilidhani mgongo umekataa.

"Ni nini hicho?" mama akauliza.

"Msumari wa bati."

"Kaupigilia nani?"

Baba akajinyoosha. "Redio uliitaka wewe. Ulisema tukiwa safarini tutapitwa na matangazo ya vifo."

"Nilisema redio. Sikusema nyundo."

Kengele ya kanisani ikalia. Baba akazunguka upande wangu, akaniambia niende nyuma, ataendesha mwenyewe. Nikahamia nyuma na keki ya jubilei mapajani. Akawasha gari. Mama hakusogea, mguu bado uko nje.

"Tunachelewa," baba akasema.

"Nenda tu. Mimi nakuja kwa miguu."

Injini ikanguruma. Baba akashika usukani kwa mikono miwili, akaangalia mbele, ambako hapakuwa na kitu ila mbuzi wa jirani.

"Msumari ni wangu," akasema.

"Sema vizuri, mtoto yuko nyuma."

"Nimesikia, mama," nikasema.

"Hujasikia."

Baba akashusha kioo cha upande wake. Nje, barabarani, wanakwaya wawili walikuwa wanapita na majoho yao mikononi. Akavuta pumzi, akasema tena, safari hii kwa sauti ya kuita ng'ombe, na wanakwaya wakasimama.

Mama akaingiza mguu, akafunga mlango.