Pua ya Mgeni

Kila asubuhi, akishamaliza kahawa yake, Sunnuva alikuwa akivaa mabuti, akishuka njia ya mawe hadi kwenye kibanda cha nyama, akiingia na kusimama katikati ya kondoo wazima waliochunwa na kuning'inizwa darini. Aliinua uso, akavuta pumzi ndefu, kisha akatoka na kumwambia yeyote aliyemkuta njiani, "Inaendelea vizuri." Watu wa kijiji cha Fámjin waliitikia kwa kichwa wakaenda zao kwa amani. Yeye alirudi nyumbani na hofu, kwa sababu hakuwa amenusa kitu. Hakuwa amenusa kitu tangu Pasaka.

Uviko ndiyo iliyomfanyia hivyo. Ilimpiga wiki mbili, ikamwacha hai na mzima wa viungo vyote, ila iliondoka na pua yake. Pua yenyewe ilikuwepo, tena kubwa, ya kurithi kwa baba, lakini haikuwa na faida zaidi ya kitasa cha mlango. Kahawa ikawa maji machungu ya moto. Viazi viliungua jikoni naye ameketi palepale anafuma soksi. Fundi viatu angeweza kuishi hivyo mpaka kufa kwake, asipungukiwe na kitu. Sunnuva hakuweza, maana kazi iliyompa jina katika kisiwa chote cha Suðuroy ilikuwa kazi ya pua.

Nyama yetu haitiwi chumvi wala haifukizwi moshi. Inaning'inizwa katika kibanda cha mbao zilizoachana kidogo, hjallur, na upepo wa bahari unapita kati yake wiki baada ya wiki. Kwanza inachacha, ndiyo tunaiita ræst, na supu yake ndiyo inayotufanya tuvumilie giza la Desemba. Lakini kuchacha na kuoza ni majirani wasio na ua kati yao. Upepo ukiwa wa joto na unyevu, nyama huvuka upande wa pili bila kubisha hodi, na macho hayaoni kitu mpaka imekuwa hasara. Pua ndiyo inayojua siku ya kufungua ubao huu na kuziba ule. Mama mkwe wake Sunnuva alimrithisha kibanda kile kwa sababu moja tu, kwamba kati ya wakwe zake watatu, yeye ndiye aliyekuwa na pua.

Kibanda kilijengwa penye mkondo wa hewa, upepo unaingia kutoka mlimani na baharini, na ndiyo maana karibu kijiji kizima kilimletea nyama. Vibanda vya wengine vimelala, vijana wao wamehamia mjini Tórshavn. Kila nyumba ilikuwa na uzi wake wa sufu uliofungwa kwenye mguu wa kondoo: mwekundu wa Malan jirani, wa kijani wa mchungaji wa kanisa, wa bluu wa shemeji yake Dánjal. Wakati wa Majilio, Jumapili ya kwanza, watu hufika na mikokoteni na kuchukua vyao.

Na kondoo wenyewe, tuseme kweli, hawakuwa wetu. Milima yetu ina kondoo, lakini midomo yetu ni mingi kuliko milima. Nyama ya Sunnuva ilitoka Iceland, kwa mtu aitwaye Hafsteinn, jamaa mpana mwenye ndevu za rangi ya shaba, aliyezunguka kwa wafugaji wa mashariki akikusanya majike wazee walionona. Kwao watu wanataka kondoo mchanga, laini kama siagi. Jike mzee hana mnunuzi. Kwetu huyo mzee ndiye mwenye nyama ya kuchacha, yule mchanga anakauka tu na kubaki mifupa. Basi kila Oktoba trela lilipanda meli ya Seyðisfjörður, bandari ya kwao, likiwa na kondoo waliokwisha kuchinjwa, likarudi na nyavu na kamba kutoka karakana ya Dánjal, maana wavuvi wa kule wanazipenda nyavu za kwetu ingawa hawatakiri mbele ya watu. Tangu nchi hizi mbili zitie saini mkataba pale Hoyvík, mzigo hupita bila ushuru, na wakubwa hulizungumzia jambo hilo kwa maneno marefu. Sunnuva na Hafsteinn walilizungumzia kwa simu, kila mmoja kwa lugha yake, taratibu, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye mwenye lafudhi.

Mwaka huu mambo yalianza vibaya. Dhoruba iliizuia meli kule Seyðisfjörður, nyama ikachelewa. Ilipofika na kuning'inizwa, upepo ukageuka wa kusini, ukungu ukashuka na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga, na nzi, ambao kwa kawaida wakati huo wamekwisha kufa, walionekana wakitambaa ukutani. Sunnuva alizibua mbao, akazifunga, akazizibua tena, yote kwa kubahatisha. Alipapasa nyama kwa vidole. Alionja kipande, ulimi ukamwambia kitu ni kikali, lakini kikali cha namna gani haukusema. Usingizi ulimpaa. Akifumba macho alimwona Malan, mwenye miaka zaidi ya themanini na tumbo dhaifu, amekaa mbele ya bakuli la supu akipuliza kijiko.

Utauliza kwa nini hakumwita mtu anuse. Ndivyo angeuliza mtu asiyetujua. Kuingiza pua katika kibanda cha mwenzio bila kukaribishwa ni sawa na kufunua chungu chake jikoni, na kumkaribisha mtu akunusie ni kumkabidhi ufunguo. Angemwambia mmoja asubuhi, jioni ingejulikana mpaka Sumba, mwisho wa kisiwa. Basi alinyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Sunnuva hakuogopa kifo chake. Aliogopa kuumbuka kwa tumbo la Malan.

Siku chache kabla ya Majilio, Dánjal alikuja na habari kwamba Hafsteinn yuko Tórshavn, amekuja kuangalia nyavu mpya kwa macho yake, kesho anapanda feri ya kusini.

"Shemeji, umpikie," alisema. "Anasema ameiuza nyama hii miaka yote, hajawahi kuila."

"Kwa nini hajawahi?"

"Anasema anaithamini pua yake." Dánjal alicheka peke yake mpaka akakohoa.

Sunnuva hakucheka. Wazo lilimwingia na halikutoka tena. Hapa inakuja pua isiyo ya kijiji, itakayoondoka na meli. Lakini furaha ya wazo hilo haikudumu hata nusu saa, kwani ilikuwa pua ya muuzaji. Je, atasema nyama yake mwenyewe imeoza? Akisema imeoza, atakuwa amepoteza mteja, na pengine mtu atamdai. Akisema nzima, nani ajuaye kama ni nzima au ni biashara? Hata hivyo hakuwa na nyingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alijiambia, akakesha.

Hafsteinn alifika kesho yake na chupa ya brandivini, pombe kali ya kwao, na samaki mkavu, akamkumbatia Sunnuva kama watu waliosoma darasa moja, ingawa walikuwa wakionana kwa mara ya tatu tu. Walikunywa kahawa. Alisifu nyumba, akasifu soksi, akasifu hata ukungu. Sunnuva akaona moyo wake unazama: huyu ni mtu wa kusifu. Alimwambia twende ukaone kondoo wako wanaishije ugenini, wakashuka njia ya mawe.

Kibandani alimwacha atangulie, akamtazama usoni. Hafsteinn alivua kofia kama aliyeingia kanisani. Macho yakamlengalenga machozi.

"Wa mwanzo huyu unamwonaje?" Sunnuva aliuliza, sauti yake kavu.

"Mzuri."

"Na hawa wa kati?"

"Wazuri sana. Kazi nzuri, Sunnuva."

"Na wale wa mlangoni?"

Wale wa safu ya mwisho, walioning'inizwa hapo karibu kwa kuwa walikuwa mlangoni mwa trela na ndio waliotangulia kushushwa, Hafsteinn aliwapita kwa hatua za haraka, akijifanya anatazama mbao. "Wazuri," alisema, akaweka mkono kwenye komeo atoke.

Sunnuva aliiona ile haraka. Angeweza kunyamaza, mgeni amesema, naye angewaambia watu kwamba hata Mwaisilandi amesifu. Maneno hayo alikwisha kuyapanga kichwani. Badala yake alisimama mbele ya mlango.

"Hafsteinn, pua yako inafanya kazi?"

"Imevunjika mara mbili, lakini inafanya."

"Yangu haifanyi. Tangu Pasaka sinusi kitu. Nimetundika nyama ya kijiji kizima na sijui kama ni chakula au ni sumu. Hakuna ajuaye ila wewe." Alipomaliza aliishika nguzo.

Rangi ilimpanda Hafsteinn kutoka shingoni. Kisha alivaa kofia, akaivua tena, na alipoongea hakuwa tena mtu wa kusifu.

"Dhoruba ilipotuzuia pale bandarini sikuweza kulala," alisema. "Nikawa naenda kufungua trela nitazame nyama. Nafungua, nafunga, nafungua. Ilikuwa mvua ya kusini, inapiga ubavuni. Hizi za mlangoni zililowa. Nilizifuta kwa taulo."

"Na hukuniambia."

"Nilisema, yeye ana pua. Zikiwa mbaya atanipigia simu kunitukana. Hukupiga. Nikajua ni nzima."

"Nami nikasema, yeye ndiye mwenye mali. Ingekuwa na walakini angeniambia."

Wakatazamana, watu wazima wawili, kila mmoja ameegemea ukimya wa mwenzake kama ukuta, kumbe hapakuwa na ukuta. Sunnuva alihisi hasira na nafuu kwa pamoja, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi.

"Sasa rudi mwanzo," alimwambia. "Usiniambie nzuri wala mbaya. Hujui nzuri ya huku. Niambie inanuka nini."

Hafsteinn akarudi kwa kondoo wa kwanza. Alisogeza ile pua iliyovunjika karibu na ubavu, akafumba macho. "Kali," alisema. "Inachoma juu huku, kati ya macho. Kama samaki taa tunayemchachisha kwetu, yule wa kuamkia Krismasi."

"Chini yake?"

"Chini yake... jibini la zamani. Na sweta ya sufu iliyolowa mvua ikakaushwa karibu na jiko."

"Nyama yenyewe?"

"Ipo. Iko nyuma ya sweta."

Sunnuva aliziba mdomo kwa kiganja. Harufu haikurudi, mambo kama hayo hayatokei. Lakini aliikumbuka yote, na jiko la mama mkwe, na mumewe akiingia kutoka baharini, na machozi yakamtoka asiyafiche. "Ndiyo hiyo," alisema. "Ndiyo yenyewe. Endelea."

Wakaenda hivyo, kondoo kwa kondoo, mmoja akinusa na mwingine akijua. Huyu alikuwa na jibini jingi, akafunguliwa ubao wa juu. Yule alikuwa sweta tupu, Sunnuva akasema aachwe mpaka mwaka mpya. Walipofika safu ya mlangoni, Hafsteinn aliinama na kurudi nyuma papo hapo.

"Hii haichomi," alisema. "Ni tamu. Utamu mbaya, kama shimo nyuma ya machinjio kiangazi."

"Shusha."

Walishusha safu nzima. Ulikuwemo uzi wa kijivu, wa nyumba yake mwenyewe, na wa bluu wa Dánjal. Ulikuwemo uzi mwekundu wa Malan. Sunnuva aliufungua kwenye mguu wa kondoo, akauzungusha kidoleni, akaukaza mpaka ncha ya kidole ikageuka nyeupe. Hafsteinn alisema atatuma wengine kwa meli ya mwanzo, na safari hii hatafungua mlango hata meli ikizama. Kwa hilo Sunnuva aliweza kucheka kidogo.

Mgeni aliondoka na nyavu zake siku iliyofuata. Asubuhi ile Sunnuva alikunywa kahawa yake isiyo na ladha, akavaa mabuti, akashuka njia ya mawe. Malan alikuwa anapanda polepole na ndoo ya majivu, akasimama palepale anaposimama siku zote, akauliza lile lile analouliza siku zote, nyama inaendeleaje. Watu wawili wengine walikuwa nyuma yake, wanasikia.

Sunnuva aligusa uzi mwekundu mfukoni.

"Sijui, Malan," alisema. Akafungua mlango wa kibanda, akausukuma mpaka mwisho. "Ingia uninusie."

Malan alimtazama, akautazama mlango, akawatazama wale waliokuwa nyuma. Kisha aliweka ndoo yake chini, akainamisha kichwa, akaingia.