Mwezi Niliomwacha Ansima Katana

Niliondoka Bukavu kumpeleka mtoto Katana kwa mama yangu, kwa sababu chuo kikuu cha Bukavu kilikuwa kimenikubali, na mahali nilipokuwa naenda kuishi hapakuwa na nafasi ya mtoto. Mtoto mwenyewe anaitwa Ansima. Wakati ule alikuwa na miaka minne. Baba yake alikwenda kutafuta dhahabu upande wa Shabunda kabla Ansima hajaanza kutambaa. Simu yake ikanyamaza, na baadaye mimi nikaacha kuipiga. Nilirudi shule nikiwa tayari mama, nikamaliza, nikafaulu mtihani wa serikali. Muda wote huo, tantine, shangazi yangu wa mtaa wa Kadutu, ndiye aliyekaa na mtoto mchana. Kisha mume wa tantine akapata kazi Uvira, wakahama wote.

Nilipata chumba karibu na chuo, pamoja na wasichana wawili wanaosoma sheria. Mwenye nyumba alikuwa mama mpole, lakini nilipomtajia Ansima alitikisa kichwa.

"Hapa iko nyumba ya banafunzi, mwanangu," alisema. "Mutoto akianza kulia, benzako basome namna gani?"

Nilimpigia mama yangu simu Katana nikamweleza. Mama hakuuliza maswali mengi.

"Umulete," alisema. "Wewe usome."

Masomo yalitangazwa kuanza Jumatatu. Nikapanga tusafiri Alhamisi, nilale usiku mmoja kwa mama, nirudi Ijumaa, halafu nipate siku mbili za kufua nguo na kupanga chumba. Nilijiona mtu mwenye akili, aliyepanga mambo yake vizuri.

Alhamisi asubuhi tulishuka hadi ziwani. Ningeweza kupanda gari, ni haraka zaidi, ila Ansima alikuwa ameona mashua kutoka mlimani tangu azaliwe na hajawahi kupanda hata moja. Nilitaka awe na kitu kizuri cha kukumbuka siku hiyo. Mashua ilikuwa ya mbao, ya wafanyabiashara, imejaa magunia ya unga na katoni za sabuni. Wamama waliokuwa wakirudi kutoka kuuza mboga walimkalisha Ansima katikati yao, mmoja akamfunika kitenge kwa ajili ya upepo.

"Wewe unaenda wapi, maman mukubwa?" yule mama alimuuliza.

"Niko naenda ku koko," Ansima alisema, akimtaja bibi yake. "Miye na maman. Maman ataanza université."

"Na wewe utaanza nini?"

Ansima alifikiri. "Miye nitaanza mbuzi," akasema, na mashua nzima ikacheka. Nilikuwa nimemwahidi kwamba mama yangu ana mbuzi na kwamba atamsaidia kuwachunga. Mimi pia nilicheka. Lakini nilisikia lile neno "miye na maman", nikajua kwamba sikuwa nimemweleza sawasawa. Nilikuwa nimemwambia kila siku kuhusu mbuzi, na kuhusu koko, na kuhusu shamba. Kuhusu kubaki nilikuwa nimesema mara moja tu, haraka, nikimsuka nywele.

Katikati ya safari kisiwa cha Idjwi kilikuwa upande wetu wa kulia, kirefu, na mvua ilikuwa inanyesha juu yake wakati sisi tuko kwenye jua. Ansima alishangaa sana. Aliuliza kama watu wa kule wanajua kwamba huku hakuna mvua. Baadaye akatapika, akalala kifuani kwangu hadi tukafika.

Kutoka ufukweni hadi kwa mama ni kupanda. Unavuka barabara kubwa, unaacha hospitali ya misioni nyuma yako, halafu unafuata kinjia kati ya migomba na mashamba ya maharage. Mama alikuwa ametushukia nusu ya njia. Alimchukua Ansima mgongoni bila hata kumsalimu kwanza, kana kwamba walikuwa wameachana jana.

Jioni ile tulikula fufu na sambaza, visamaki vya ziwani. Mama ni mkulima tangu utoto wake, na jambo la mimi kwenda kusoma kilimo lilikuwa linamchekesha.

"Miaka yote ile," alisema, "juu ya kujua kulima tu?"

"Maman, kuko mambo ya udongo, ya magonjwa ya mihogo."

"Ile ya mihogo, ukijua, ukuje uniambie. Kweli. Mwaka huu imeoza yote."

Ansima alilala kati yetu. Mama akaniambia kwa sauti ya chini alichokuwa amekiwaza. Asubuhi atamchukua mtoto kwenda kuwafungua mbuzi, na wakiwa kule mimi nichukue begi langu niende. Ndivyo watu wanavyofanya, alisema. Mtoto akirudi anakuta imekwisha, analia, anasahau.

Nilikataa. Nilisema nitamuaga.

"Sawa," mama alisema. "Ila itakuuma."

Ijumaa asubuhi nilikaa na Ansima kwenye kizingiti cha mlango. Nilimwambia kwamba maman anarudi Bukavu kusoma, kwamba yeye atabaki na koko, na kwamba nitakuja kumwona. Alinisikiliza vizuri sana. Halafu akainuka, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kwa mama. Akatoka amevaa viatu vyake, vile vya plastiki vya bluu, kimoja kimefungwa na kingine hakijafungwa.

"Niko tayari," alisema.

Ilibidi nimwambie tena. Safari hii alielewa, niliona usoni. Hakulia. Alikaa chini akaanza kuvua viatu mwenyewe, akipigana na kile alichokuwa amekifunga, na alipomaliza akavipanga ukutani kimoja kando ya kingine. Kisha akakaa pale akivitazama. Mimi nilimbusu kichwani nikashuka. Nilikuwa nimeshafika kwenye migomba niliposikia kilio chake. Sikugeuka, kwa sababu nilijua nikigeuka sitaondoka.

Nilirudi kwa gari, kupitia Kavumu na Miti. Ilikuwa mvua, barabara ilikuwa tope, na kwenye kizuizi kimoja walituteremsha wote wakatazama vitambulisho. Askari aliyetazama changu aliniuliza naenda kufanya nini Bukavu. Nikasema kusoma chuo kikuu. Akaniangalia tena, akanirudishia kitambulisho kwa mikono miwili, kwa heshima. "Bon courage, maman," alisema, akinitia moyo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniheshimu kwa jambo hilo, na sikuhisi chochote.

Jumatatu niliamka mapema, nikavaa sketi niliyokuwa nimeipiga pasi, nikaenda chuoni. Mbele ya ubao wa matangazo kulikuwa na kundi la wanafunzi, wageni kama mimi, na wengi wao walikuwa wanacheka. Nilisogea nikasoma. Masomo yalikuwa yameahirishwa kwa mwezi mmoja. Maelezo yalikuwa mafupi na sikuyaelewa vizuri, mambo ya maprofesa na mambo ya hali ya nchi. Kijana aliyekuwa kando yangu alikuwa anafurahi. Alisema atarudi Sange kwa wazazi wake akawasaidie kuvuna mpunga.

"Na wewe?" akaniuliza. "Wewe nyumbani iko wapi?"

Nilimwambia Katana.

"Pale tu karibu? Rudi basi, ukakule mwezi muzima bila kazi."

Nilikuwa nimeshaanza kutembea. Nilitaka kwenda moja kwa moja kwenye gari, na sketi yangu ile ile, bila kupita chumbani. Mwezi mzima. Ningekaa kule na Ansima, ningemzoesha mahali taratibu, ningemwonyesha mbuzi mmoja mmoja. Niliwaza hata kwamba Mungu amenirudishia kitu. Nilipiga simu nikiwa njiani, nikamweleza mama.

"Usikuje," mama alisema.

"Juu ya nini?"

"Alilia Ijumaa. Alilia Jumamosi mpaka akapata homa. Jana ameanza kula. Leo iko anacheza na batoto ba jirani. Ukikuja, kiisha uende tena, tutaanza kilio mara ya pili. Usimutese, mwanangu. Vumilia."

Nilisimama kando ya barabara, magari yakipita. Mama amelea watoto sita. Mimi nilikuwa na mmoja, na huyo mmoja nilimlea nusu tu, nusu nyingine ilikuwa ya tantine. Nani angejua zaidi? Nilirudi chumbani.

Sijui namna ya kuelezea ule mwezi. Wasichana wa sheria walikuwa wamekwenda kwao, nikabaki peke yangu. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilikwenda chuoni kutazama ubao, nikarudi. Nilinunua daftari nikaziandika jina langu, halafu sikuwa na cha kuandika ndani. Asubuhi nilikuwa naamka na kusogea ukutani kumwachia mtoto nafasi, kabla sijakumbuka. Kila nilipompigia mama, nilisikia sauti ya Ansima mbali, uani, akicheka au akigombana na mtu, na mama aliniomba nisizungumze naye bado. Nikakubali hilo pia.

Karibu na mwisho wa mwezi sikuweza tena. Ilikuwa Jumapili. Nilipanda gari bila kumwambia mtu, na nilipofika Miti ndipo nikampigia mama nikasema niko njiani. Alisema atanikuta barabarani, karibu na hospitali. Alikuja amevaa nguo za kanisani, peke yake.

"Ako wapi?"

"Iko nyumbani na kaka yako mukubwa. Anajua niko kanisani."

Tulikaa kwenye ukuta mfupi nje ya hospitali, mahali ambapo jamaa za wagonjwa hukaa. Mama alinishika mkono.

"Wewe pia nilikuacha," alisema. "Ulikuwa mudogo kumupita Ansima. Papa yako alikuwa mugonjwa, nilimupeleka hapa hapa hospitali, tukakaa musimu muzima wa mvua. Nilikuacha ku dada yangu, Bunyakiri. Unakumbuka?"

Nilijaribu. Hakuna nilichokumbuka, si Bunyakiri, si nyumba ya mama mkubwa, si safari. Sikuwahi hata kuambiwa.

"Hapana," nilisema.

"Unaona? Haukumbuke. Miye ndio nakumbuka."

Alisema hivyo kunifariji, na kwa muda kweli nilifarijika. Kisha akasema kwamba uamuzi ni wangu. Kama nataka kupanda, tupande. Nilitazama juu, kule kinjia kinapoanza kati ya migomba. Ni mwendo mfupi sana. Niliwaza ile homa. Niliwaza siku chache zilizobaki kabla ya masomo, na viatu vile ukutani. Nikampa mama biskuti nilizokuwa nimeleta, nikamwambia ampe bila kusema zimetoka wapi. Gari la Bukavu lilipopita nilipanda.

Masomo yalianza wiki iliyofuata. Auditoire, ule ukumbi wa masomo, ilijaa hadi wengine wakasimama madirishani, na mwalimu wa kwanza alizungumza juu ya udongo wa milima yetu, jinsi mvua inavyouchukua kidogo kidogo kuelekea ziwani. Nilipenda. Nasema kweli, nilipenda tangu siku ya kwanza, na bado napenda.

Noeli ndipo nilipopanda kile kinjia hatimaye. Ansima alikuwa uani akichambua maharage na mama. Amerefuka. Anasema maneno ya Mashi, lugha ya kule, niliyokuwa sijamfundisha. Aliponiona alitabasamu, alinitambua kabisa, wala hakuogopa. Nilifungua mikono. Hakuja. Alimgeukia mama yangu akamuuliza, kwa adabu kama mtoto anayeulizia jambo la mgeni.

"Koko, niende?"

Mama alimwambia nenda, basi akaja, akanikumbatia vizuri, na baada ya muda akarudi kwenye maharage yake.

Safari ya kurudi Bukavu ilikuwa nyepesi. Ansima alinisindikiza hadi barabarani akiruka-ruka, akanipungia mkono kama mtu anayempungia shangazi. Mama alinitazama kunionyesha kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi, kwamba hakuna kilio. Ni kweli. Hakukuwa na kilio.

Wasichana wanaojiandaa kuingia chuo, wenye watoto, huniuliza sasa nilifanyaje. Ninawaambia kwamba kumwacha mtoto ili usome siyo kosa, na kama ningeanza upya ningemwacha Ansima tena kwa mama, pale pale, kwa sababu vinginevyo nisingesoma. Lakini ule mwezi ulikuwa wetu, na ningepanda hadi kwa mama kuuchukua. Tungelia mara mbili, yeye na mimi. Nilifikiri namkinga mtoto asiumie mara ya pili. Nadhani mtu niliyemkinga siku ile pale hospitali nilikuwa mimi, na mtoto ndiye aliyejifunza kuishi bila kuningoja.