Pikipiki haitoki gereji mpaka Mama aikalie

Habari za siku nyingi wakuu. Haya yametokea nyumbani kwetu, na sijatia chumvi.

Sisi ni watu wa Ngamiani, Tanga. Mimi na Baba tunatengeneza pikipiki za oda. Unaleta bodaboda ya kawaida, tunakata, tunachomelea, tunashona kiti, unaondoka na chombo ambacho mjini hakuna mwenzake.

Kilichotupa jina ni kiti cha kinamama.

Huku kwetu mwanamke aliyevaa baibui anakaa upande. Waliounda pikipiki hawakuliwaza hilo, mguu unaning'inia tu. Sisi tunaweka kikanyagio, kiti kipana na chuma cha kushikia.

Mkaguzi alikuwa Mama. Chombo kikiisha anapanda nyuma yangu, tunazunguka hadi Usagara. Akishuka ni malalamiko tu: "Hapa panachoma. Hiki chuma kirefu. Mnamkalisha mtu au mnamkomoa?"

Baba ananuna, anarudia kazi. Mimi nacheka.

Mama alifariki mwaka jana. Wakuu, nimemkumbuka mpaka kelele zake.

Sasa baada ya msiba Baba akawa anamaliza pikipiki lakini hazitoi. Mteja akija, anaambiwa "bado kidogo". Bado nini, hasemi. Zikajaa uani, wateja wakaanza kuhamia kwa mafundi wengine, nikaona kabisa gereji inamfuata Mama.

Nikamwita dada yangu azikalie. Akazunguka, akashuka, "Iko poa, Baba." Mzee akatikisa kichwa. Na kweli, dada ana adabu mno, hawezi kumkosoa baba yake.

Wiki iliyopita akaja mteja wa Kigombe kufuata pikipiki yake. Mkewe anaumwa mgongo, anataka chombo cha kumpeleka kliniki.

"Shikamoo mzee. Nipe hivyo hivyo, mke wangu anateseka."

Mara Baba akakusanya kikoi chake, akapanda nyuma yangu. Upande!

"Twende."

Ngamiani nzima watu hawana mbavu. "Mzee leo biarusi!" Mimi nimekaza macho mbele, natamani barabara iishe.

Tuliporudi akashuka ameshika nyonga.

"Kumbe panauma kweli," akasema. "Miaka yote hiyo mie najua anadeka."

Akafuta machozi mbele ya mteja, hakujificha. Kisha akakifumua kile kiti, akabadilisha sponji, akashusha kikanyagio. Jioni mteja akaondoka na chombo chake.

Siku hizi anakalia kila pikipiki mwenyewe, na analalamika kumshinda Mama. Zinatoka. Ila tukirudi nikazima injini, huwa hashuki haraka. Namwacha.

Nilichojifunza ni kwamba biashara ya familia ina mtu ambaye kazi yake haina jina, hata mshahara hamumpi, na ndiye anayeishikilia. Sisi tulimwona msumbufu.

Kwenu ni nani, wakuu? Kama yu hai, mpigie simu kwanza, ndipo uje kukomenti.