Petroli Bila Oili

Msumeno wa mjomba ulikuwa umefanya kazi miaka kumi na mitatu siku nilipouua. Nazungumzia ule wa injini na cheni, wa kukatia miti, ambao mtaani sote tunauita pawaso. Mjomba ni ndugu wa mama yangu, mtu wa Kitui, na hakuwa na kazi nyingine. Alikata miti iliyoinamia mapaa ya mabati kuanzia Kibera hadi Kawangware, na magogo tuliwapelekea wauza kuni na wenye vibanda vya chakula. Nilipoacha shule kidato cha pili nilikaa Mashimoni, huko Kibera, mwaka mzima nikiuza maji kwa mitungi. Kisha akaniambia nije nishike upande mmoja wa gogo. Nilishika, na sikuachilia tena.

Mimi ni binti wa pili kwetu, nikapewa jina la bibi, mama yake mjomba. Kwa Wakamba hilo si jambo dogo. Mjomba ananiita mama, mbele ya watu na mbele ya miti, na sijawahi kumsikia akinifokea. Mtu atamfokeaje mama yake?

Basi nilifanya kazi nikicheka na kuota. Nilijiona na yadi yangu ya mbao Kawangware, misumeno mitatu imepangwa ukutani, na kibao kimechorwa mwanamke aliyevaa helmeti. Rangi ya lango nilikuwa nimeshaichagua. Kilichobaki ni mjomba kuniachia msumeno wake nikate walau mti mmoja mzima, kwa sababu hadi hapo alikuwa ananiachia matawi tu.

Hakuwa mchoyo. Alikuwa anaulinda. Nimefanya kazi na watu wengi tangu hapo na bado sijaona mtu anayetunza chombo vile. Miti ya Nairobi inazaa misumari. Kila mti ulio karibu na njia umepigiliwa matangazo: chumba cha kupanga, mganga, maombi ya wiki nzima, fundi wa kuzibua choo. Tangazo linachanwa na mvua, msumari unabaki, gome linaumeza. Kwa hiyo kabla ya kuwasha mashine mjomba aliuzunguka mti akiupapasa kwa kiganja kutoka chini hadi mkono ulipofika, kisha akang'oa kwa koleo kila chuma alichokipata. Mara nyingi ilichukua nusu saa. Watu walikusanyika kumwangalia.

"Huyu mzee anakata mti ama anauchumbia?" aliuliza kijana mmoja siku moja tukiwa Kambi Muru, Kibera.

"Nauuliza kama umeolewa," mjomba akasema, huku akimwonyesha msumari mrefu kama kidole. "Ona pete hii."

Kila siku saa kumi jioni, kazi ikiisha, alikaa kwenye gogo akapiga tupa meno ya cheni moja moja, mara tatu kila jino, mkono ukienda upande mmoja tu. Akatoa kichungi cha hewa akakisugua kwa mswaki wa zamani. Jumamosi alifungua kile chuma kirefu kinachobeba cheni, akakigeuza cha chini kikawa juu, ili kisiliwe upande mmoja. Mashine haikugusishwa udongo. Haikusukumwa ndani ya mti pia. Alisema ukiona unatumia nguvu, cheni imekuwa butu na wewe umekuwa mvivu. Na baada ya kukata sana hakuizima ghafla. Aliiacha ingurume polepole kidogo, ipoe, kama mtu aliyepanda mlima na sasa anatafuta pumzi.

Jamaa mwingine wa kazi hii, aliyekuwa na yadi karibu na yetu, alikuwa akimcheka sana. Yeye alipaka cheni oili chafu iliyomwagwa gereji, na alikuwa kwenye msumeno wake wa tatu.

"Mzee, hiyo mashine si uioe tu?"

"Angalau mimi sijaachana na mbili," mjomba alimjibu.

Kitu kimoja tu hakukifanya. Hakuvaa chochote masikioni. Nilimwambia mara kadhaa, akasema akiyaziba ataisikiaje mashine? Alijua kwa sauti peke yake kama hewa haiingii vizuri, kama cheni imelegea, kama petroli inakaribia kuisha. Alikuwa anainamisha kichwa kidogo, kisha anazima na kufungua pale pale penye tatizo. Mimi niliona ni kama muujiza.

Siku ya mambo yote tulikuwa Riruta Satellite, kwenye ploti moja yenye mkaratusi mkubwa. Mvua ya wiki ile ilikuwa imeulegeza mizizi, ukaanza kulalia paa la wapangaji. Mama mwenye ploti alikuwa mlangoni na kanga kichwani, akiangalia mawingu.

"Mzee, kwani unaufanyia operesheni?" alisema alipoona mjomba anatoa misumari. "Watoto wa watu wako chini ya hilo paa."

"Watoke kwanza, mama. Mimi nitamaliza."

Walitoka. Mjomba akakata upande wa kuelekezea mti uangukie uani, akaenda upande wa pili, akafika kama katikati ya shina. Petroli ikaisha. Akanyoosha mkono bila kugeuka, kwa sababu kumpa chupa ilikuwa kazi yangu.

Chupa ilikuwa tupu. Asubuhi nilipaswa kuchanganya nyingine. Msumeno ule haunywi petroli kavu; kila chupa kubwa ya petroli inatiwa kipimo kidogo cha oili, na hiyo oili ndiyo inayolainisha injini ndani, hakuna nyingine. Mjomba alikuwa ameichora chupa kwa msumari, mstari wa oili na mstari wa petroli, ili hata mtu mwenye usingizi asikosee. Na mimi asubuhi ile nilikuwa na usingizi na ndoto zangu, na ile oili niliiacha yadini Kawangware.

Nilikimbia hadi stegi ya bodaboda. Pale wanauza petroli kwenye chupa za maji.

"Hii inafaa pawaso?" nilimuuliza mwenye pikipiki.

"Siste, petroli ni petroli."

Nilijua si kweli. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika hapa waziwazi, kwa sababu nimewahi kulisimulia nikaliruka. Nilijua. Lakini mti ulikuwa umekatwa nusu, mvua inakuja, mama wa watu anaomba kwa sauti, na nikajiambia mara moja haiwezi kuua. Nikaimimina tangini. Mjomba hakuuliza, kwa sababu hajawahi kuwa na sababu ya kuniuliza.

Msumeno uliwaka vizuri. Kwa muda mfupi ulikata vizuri kuliko kawaida, au mimi niliona hivyo. Kisha sauti ikaanza kupanda. Ikawa nyembamba, kali, kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Nilimwangalia mjomba nikingojea ainamishe kichwa. Hakuinamisha. Aliendelea kukata, uso umetulia kabisa. Nikafungua mdomo kupiga kelele, na papo hapo injini ikashika, ikagoma kuzunguka. Kimya. Cheni ndani ya mti, imesimama.

Tuliumalizia mti kwa shoka na kamba, pamoja na wanaume wanne wa ploti ile, na ukaanguka uani bila kugusa bati. Mvua ilitukuta barazani. Mjomba akauweka msumeno mapajani, akafungua ekzosi, akachungulia pistoni. Hata mimi niliona mikwaruzo. Akafungua tangi akanusa.

"Mama, hii haina oili."

"Haina. Niliiacha yadini. Nikanunua petroli ya stegini, na nikanyamaza."

Nilingoja anifokee. Siku hiyo ningependa anifokee. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ilipiga kelele kabla ya kushika?"

"Ilipiga sana, anko. Hata mama mwenye ploti aliziba masikio."

"Muda mrefu?"

"Ungeweza kuizima."

Aliangalia mvua. "Mimi sikusikia kitu," alisema. "Nilisikia inaendelea tu vile inaendelea kila siku."

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu mambo ambayo nilikuwa nimeyaona na sikuyaelewa. Simu zake nilizokuwa nikimpokelea. Kanisani alivyohamia benchi la mbele. Vile alivyokuwa mkimya miezi ile, nami nikidhani ni umri unamtuliza. Miaka kumi na mitatu aliyaacha masikio wazi ili mashine isiharibike, na mashine ikayala kidogo kidogo, bila haraka. Nililia pale barazani na mvua ikanisaidia.

Fundi wa Kawangware aliufungua msumeno wote mezani. Alitikisa kichwa, akaita wenzake waje waone. Pampu ya oili ya cheni ilikuwa safi, gia hazijalika, chuma cha cheni kimenyooka. "Mimi naletewa mashine za miezi sita zimeoza kuliko hii," alisema. "Weka pistoni na silinda, itafanya kazi miaka mingine." Mjomba alikuwa akimtazama midomo. Alipomaliza, mjomba akanigeukia mimi nimwambie alichosema, nikarudia polepole. Fundi akatuangalia wote wawili, kisha akaendelea kupanga spana zake.

Msumeno uliporudi, kazi ya kwanza ilikuwa mti wa kanisa dogo huko huko Kawangware. Mjomba aliupapasa, akang'oa misumari, akaninyooshea kichungi na kipimo cha oili nione. Kisha akanivalisha vifaa vya kuziba masikio, vipya, akavibana kwa viganja vyote viwili kama anayemvika mtoto kofia.

"Kata wewe, mama. Mimi nitashika kamba."

Sikufurahi vile nilivyokuwa nimeota. Zamani aliyekata ndiye aliyepiga ukelele kabla mti haujaenda, na mwenye kamba ya kuvutia mti akajiondoa. Sasa ukelele wangu haungemfikia. Tukakubaliana nifunge kamba nyembamba kiunoni, upande wa pili aushike yeye, na kabla ya kukata nyuzi za mwisho za shina niivute mara mbili, naye avute kunijibu kwamba amejiondoa.

Nilikata polepole, bila kusukuma. Shina lilipoanza kutetemeka niliuacha msumeno ungurume, nikavuta mara mbili, nikasimama pale mkono kwenye kamba, ningali sijakata, nikingojea nihisi yeye naye anavuta.