Dua ya Kufunga Mkutano

Leo nimenyamazishwa nikiwa kazini, nami nikanyamaza.

Mimi ni mkalimani wa lugha ya ishara. Asubuhi nilikuwa Junda, kwenye mkutano wa wahandisi, madaktari na wafadhili wanaoshirikiana kujenga zahanati ya watu wote. Nilikwenda na Bi Rehema, ambaye ni kiziwi.

Alikuwa na ombi moja. Kwenye zahanati ya zamani aliitwa jina, hakusikia, akarukwa. Mwanawe akamfia mapajani wakingoja. Alitaka hii mpya iwekwe taa ya kuonyesha zamu.

Wakubwa walijitambulisha kwa vyeo vyao mpaka adhuhuri ikakaribia.

Mwisho Bi Rehema akasimama, mikono ikaanza kueleza. Hata sijafungua kinywa, mwenyekiti akasema, "Basi, tufunge kwa dua."

Vichwa vikainama, macho yakafumbwa. Nikaanza kutafsiri.

"Adabu, binti," mwenyekiti akanikatiza. "Watu wamo kwenye dua."

Nikanyamaza. Bi Rehema akaeleza mpaka mwisho, na hakuna aliyemtazama.

Nje alinikumbatia huku analia. Akaniambia kwa ishara kwamba hakutarajia wakubwa wale wangemwombea mtoto wake.

Wallahi sijamwambia ukweli.

Nyinyi mngemwambia?