Chai ya Aliyebaki Nyuma

Juzi mchana, nikiwa kwenye kibanda cha chai mtaani Umoja, wapagazi wawili waliotoka kupandisha wageni Mlima Kenya waliagiza chai tatu.

"Ya tatu ni ya nani?" mwenye kibanda akauliza.

"Ya mwenzetu, mathe. Alipotelea kwa ukungu. Kule juu, aliyebaki nyuma huwekewa chai mpaka afike."

"Na wanaomtafuta?"

"Ofisi ya hifadhi ya mlima imefunga msako."

Mama akamimina zote tatu. Vikombe vyao vilifuka moshi. Cha tatu kiliganda barafu juu, jua likituwakia. Mkubwa wao akaigusa ile barafu, akanyanyua mkoba.

"Bado yuko kule kwenye baridi, anatungoja. Twende."

Nimeona ofisi nyingi zikifunga kazi ambayo haijaisha. Hii ni ya kwanza kubishiwa na kikombe.